USIMTANGULIE KIRANGOZI! Sheria kali za wakongwe wa misafara ya Katavi, dogo alikuwa hana neno

MPANDA, KATAVI: Kabla ya treni, kabla ya lami, kulikuwa na kosa moja ambalo kijana mpya kwenye msafara hakutakiwa kulifanya hata kwa bahati mbaya. Kosa lenyewe ni kumpita mtu wa mbele.

Mtu huyo wa mbele aliitwa kirangozi. Kijana akimpita njiani, hapigwi wala hagombezwi palepale. Anachomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, ule mfuko wa mishale wa mgongoni, mshale unawekwa. Safari ya siku ile ikiisha, mshale unatolewa kama ushahidi, mwenye nao anajulikana, faini inadaiwa. Hakuna cha "mi sikuwepo" wala "mlinifananisha".

Desturi hiyo iliandikwa na Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 na kuendelea hadi Ujiji mwaka 1858 akiwa na mwenzake John Speke. Burton alikuwa mtu wa kulalamika, na wapagazi aliwasema vibaya kurasa kwa kurasa. Lakini alikuwa na jicho. Alichokiona na kukiandika ni fani nzima yenye vyeo vyake, sare zake, adabu zake na mipaka yake ya nani anaruhusiwa kufungua mdomo.

Majina ya watu wenyewe? Karibu yote yamepotea. Wazungu waliobebewa mizigo wana vitabu. Waliobeba wamebaki kuitwa "kiongozi mmoja", "mpagazi mmoja", "jitu moja refu". Stori hii ni yao.

Na si stori ya zamani tu. Kijana anayeingia leo kwenye fani yoyote, iwe ufundi gereji, udereva wa malori, sheria au uuguzi, analijua lile swali linalokuja kabla hajamaliza sentensi ya kwanza: "Kwani wewe umeingia lini?" Hata kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mpanda mjini, mgeni hakai tu na kuanza kupanga foleni. Anasikiliza kwanza. Wengine wanaiita adabu, wengine wanaiita ubabe wa wakongwe. Ukiirudia historia ya Katavi, unakuta wote wana haki kidogo.

WALIKUWA KINA NANI HAWA?

Ukitoka Mpanda kuelekea mashariki, upande wa Inyonga, unaingia Ukonongo. Wakonongo ni ndugu wa karibu wa Wanyamwezi wa Tabora kwa lugha na mila. Karne ya 19, watu wa ukanda huo mzima walikuwa maarufu kwa kazi moja iliyowapeleka mbali kuliko watu wengi wa bara wakati ule: upagazi.

Hapa watu wengi wanachanganya. Wakisikia mpagazi, akili inakwenda moja kwa moja kwenye minyororo ya watumwa. Biashara ya utumwa ilikuwepo, na ilikuwa ya kutisha. Lakini sehemu kubwa ya wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru. Walipatana malipo kwa nguo, shanga na waya wa shaba, wakapatana posho ya chakula, na wakikuta mapatano yamevunjwa walijua la kufanya. Kwa lugha ya leo, walikuwa wafanyakazi wenye taaluma.

Na kazi haikuwa ya mchezo. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, na pembe kubwa ya tembo ilizidi hapo. Kutoka Tabora hadi pwani ni kama kilomita 800, mwendo wa miezi mitatu hivi ukijumlisha mapumziko, magonjwa na mabishano njiani. Wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno, wakipiga hesabu ya kurudi kabla ya msimu wa kulima.

Kwa vijana, safari ya kwanza kwenda pwani ilikuwa zaidi ya mshahara. Burton anaeleza kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubeba vipembe vidogo mabegani tangu wakiwa wadogo, wakizoea. Ambaye hajaiona bahari, hata awe na misuli kiasi gani, nyumbani alionekana bado mtoto. Akirudi amefunga kitambaa kipya kiunoni na habari za Bagamoyo mdomoni, hata wazee wanamsogezea kiti.

Yaani ukubwa haukuja kwa kuzaliwa mapema tu. Ulikuja kwa miguu.

KILA MTU NA NAFASI YAKE KWENYE MSTARI

Msafara ulipoondoka kambini asubuhi ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu njia zenyewe zilikuwa vichochoro vya kukanyagwa na nyayo. Mstari ule ungeweza kuusoma kama orodha ya vyeo.

Mbele kabisa ni kirangozi na bendera. Alivaa akaonekana: kitambaa chekundu, ngozi ya mbega, manyoya kichwani. Mzigo wake mwepesi kuliko wa wengine. Si uvivu, ni cheo. Yeye ndiye anayejua maji yako wapi, kijiji kipi kina njaa na kipi kina ugomvi, na njia panda ipi ukikosea unalala na simba.

Nyuma yake wanafuata wabeba pembe. Hawa ndio mastaa. Mizigo yao ndiyo mizito kuliko yote, lakini hawakuwa tayari kuibadilisha na kitu chepesi. Walifunga kengele za ng'ombe kwenye pembe ili kila hatua isikike. Baada yao wabeba nguo na shanga. Halafu mkia wa msafara: wenye ngozi, chumvi, tumbaku, majembe, masufuria na vikorokoro vya kambi. Huko nyuma ndiko walikokuwa wageni wa kazi, wanaokula vumbi la watu wote.

Kitu cha kuvutia ni kwamba heshima iliambatana na uzito. Isipokuwa kirangozi, aliyekuwa na kazi ya kichwa, mkubwa ndiye aliyebeba zaidi. Huwezi kujiita mkongwe huku umebeba sufuria.

Wapo pia waliotembea njia yote na ngazi haikuwahesabu. Wanawake, wake za wapagazi wengi wao, walikwenda na msafara wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni, wakifika kambini wao ndio wanaotafuta kuni na maji. Kilomita ni zilezile, jua ni lilelile. Vyeo na kengele zikabaki kwa wanaume.

NANI ANAONGEA, NANI ANANYAMAZA

Sasa ukija kwenye maneno, mipaka ilikuwa mikali zaidi.

Msafara ulipita kwenye nchi za watemi, na kila mtemi alidai ushuru wake. Ushuru huo uliitwa hongo. Ndiyo, neno lilelile ambalo leo linampeleka mtu TAKUKURU. Enzi zile lilikuwa jambo la wazi: huwezi kupita kwenye nchi ya mtu, ukanywa maji yake na kukata kuni zake, bila kutoa kitu. Ubishi ulikuwa kwenye kiasi. Doti ngapi za nguo, za rangi gani, na nani apewe kwanza.

Shauri hilo halikuwa la kila mtu. Walioingia ni kirangozi na wakuu wa vikundi, walioitwa wanyampara. Neno hilo nalo bado liko mtaani. Nyapara wa shambani, nyapara wa mgodini, nyapara wa gerezani, wote jina lao limetoka kwenye misafara hii. Kwenye misafara mnyampara alikuwa msemaji na msimamizi wa watu waliotoka naye kijiji kimoja, waliomjua mpaka mama yake.

Sababu ya kumnyamazisha dogo kwenye shauri la hongo inaeleweka. Mpagazi mpya akiropoka kwamba mzigo wa tatu una shanga nyekundu, bei inapanda palepale. Akimtania mtu wa mtemi bila kujua mila, msafara mzima unakaa hapo wiki moja ukila akiba yake. Penye wazee haliharibiki neno, waswahili walisema, na kwenye njia ya hongo neno moja likiharibika watu wanalala njaa.

Usiku kambini mambo yalilegea. Watu walikaa kwa makundi ya chungu kimoja, wakapika, wakacheza ngoma, wakapiga soga. Huko ndiko dogo alikosoma. Hakuna daftari, hakuna cheti. Unasikia mkongwe anasimulia mto uliofurika mwaka fulani na walivyouvuka, unakaa nayo kichwani. Miaka mitano baadaye wewe ndiye unayesimulia, na yule aliyekuwa anasimulia amekaa pembeni anakusahihisha.

MADOGO NAO WALIKUWA NA KURA YAO

Ukiishia hapo utasema hawa wakongwe walikuwa madikteta. Lakini subiri.

Burton huyohuyo anaeleza asubuhi za kambini. Siku ambayo wapagazi hawataki kutembea, hakuna kelele. Watu wamekumbatia moto, wananong'ona. Bosi anapiga kelele, anatoa amri, anatishia. Hakuna anayenyanyuka. Mzigo uko chini, na mzigo ukiwa chini msafara haupo. Wa mwisho kabisa kwenye mstari, yule wa masufuria, hakuwa na neno kwenye shauri, lakini alikuwa na mabega, na mabega yake yalikuwa kura.

Mwaka 1871 kura hiyo ilipigwa kwenye njia ya kuja Katavi. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Tabora akimtafuta Dk. David Livingstone. Njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, dhidi ya Waarabu wa Tabora. Septemba 1871 Stanley akaamua kuzunguka kusini: apite Ukonongo, kisha Ukawendi, halafu apande kaskazini hadi Ujiji. Kwa ramani ya leo, mzunguko huo ndio uliomleta kwenye ardhi ya Mkoa wa Katavi.

Mwanzoni mwa Oktoba walipumzika mto Gombe, kusini mwa Tabora. Nyama ilikuwepo, kivuli kilikuwepo. Watu wakataka siku moja zaidi. Stanley akakataa. Waliondoka, lakini baada ya mwendo mfupi tu mizigo ikashushwa chini, watu wakasimama vikundi vikundi. Aliyekaa upande wa wapagazi, bunduki mkononi, alikuwa kiongozi wa njia mwenyewe, jitu la miraba minne.

Hapo ndipo unapoona maana ya ukubwa. Madogo hawakuwa na neno mbele ya bosi. Mkubwa wao alikuwa nalo, na siku ile alilitumia kwa ajili yao.

Haikuisha vizuri. Stanley alinyanyua bunduki yake, mzee mmoja wa msafara akaingia kati, mzozo ukazimwa na watu wakatembea. Lakini hoja ilikuwa imeshasemwa, na Stanley mwenyewe aliiandika kwa kirefu, kwa sababu ilimtisha.

SIKU DIRA ILIPOMSHINDA MKONGWE

Miezi michache baadaye, Januari 1872, Stanley alipita tena Katavi. Safari hii alikuwa na Livingstone, wakitoka Ziwa Tanganyika kurudi Tabora. Walishuka pwani ya ziwa upande wa Ukawendi, wakakata msitu kuelekea mashariki hadi kijiji walichokuwa wakikitafuta.

Tatizo ni kwamba njia ile kiongozi hakuijua. Alikuwa amepita Ukonongo, lakini si kwa mkato ule. Stanley akatoa dira na ramani aliyoichora mwenyewe wakati wa kwenda, akasema tunakwenda huku. Wakongwe wakaguna. Kiongozi akabisha, kwa jinsi alivyoijua nchi, kijiji kiko upande mwingine. Siku zikapita msituni, chakula kikapungua, minong'ono ikaongezeka. Mwishowe wakatokea kijijini kweli.

Hayo ni kwa mujibu wa Stanley, ambaye hakuwahi kujisimulia vibaya. Kiongozi hakuachiwa kurasa za kujibu. Hata hivyo tukio lenyewe lina uzito. Kwenye msitu ule, chombo kinachotoshea kiganjani kilipewa neno kuliko mtu aliyeitembea nchi miaka.

Na kuna upande wa pili ambao Stanley hakuusisitiza. Dira ilimwonyesha mashariki ni wapi. Haikumwonyesha maji yako wapi, wala ni mtemi yupi ana kinyongo, wala namna ya kuomba chakula kwa watu waliovamiwa mwaka jana. Ramani yenyewe aliyoishika ilichorwa wakati akitembea nyuma ya viongozi wa njia. Ujuzi wa mkongwe ulikuwa umeshaingia kwenye karatasi, na karatasi ikatumika kumwambia mkongwe anyamaze.

CHAMA CHA TEMBO, CHAMA CHA NYOKA

Wapagazi hawakuwa peke yao. Karibu kila fani ya hatari kwenye ukanda huu ilikuwa na chama chake chenye milango ya kufunga na kufungua.

Wawindaji wa tembo waliitwa bayege. Huingii kwa kujitangaza kwamba una shabaha. Unaingia kwa mkubwa wa chama, unalipa, unafundwa dawa, miiko na nyayo. Chama hicho kilikuwa na nguvu mpaka jina lake likavuka Ziwa Tanganyika. Watu wa Msiri, mfanyabiashara kutoka Usumbwa aliyejenga ufalme Katanga katikati ya karne ya 19, waliitwa Bayeke, jina linalotokana na chama hicho cha wawindaji. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wajukuu wa watu wake wako Katanga hadi leo na wanaitwa jina lilelile.

Kwa Katavi, uwindaji si stori ya mbali. Mkoa wenyewe umechukua jina la Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye wenyeji wanasema anakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa. Watu wamekuwa wakiweka zawadi chini ya mti huo. Mwindaji anayeingia porini anaanza kwa kumsalimu mwindaji mkubwa kuliko wote. Hata mzimu una ukongwe wake.

Halafu kuna bayeye, chama cha wacheza na nyoka, maarufu Unyamwezi na Usukuma. Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti kwa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika habari zake mwaka 1946. Humo ndani kulikuwa na ngazi, ada za kuingia na maneno ya siri ambayo mtu wa nje akiyasikia haelewi kitu. Kikubwa kilichofichwa ni dawa: ya kujikinga, na ya kumtibu aliyegongwa.

Kwenye chama cha nyoka, mipaka ilikuwa na sababu ambayo hata mkorofi angeielewa. Dogo akijifanya anajua kipimo cha dawa kabla hajafunzwa, anayekufa si yeye tu. Lakini mlango uleule uliolinda maisha ulilinda pia mfuko. Kila ngazi ilikuwa na malipo yake, na ujuzi ambao ungeokoa mtoto wa jirani aliyegongwa shambani ulikaa nyuma ya ada. Leo Katavi ina Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na mjadala wa dawa za kienyeji zinazofichwa bado ni wa moto kwenye familia nyingi. Mzee anakufa na siri yake, ukoo unabaki na chupa isiyo na maelezo.

WALIOJARIBU KUIRUKA NGAZI

Wapo waliochoka na wakongwe wa misafara na kutafuta njia ya mkato. Mfalme Leopold II alijaribu ya kufungua mwaka.

Mwaka 1879 watu wake walifungua kituo Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Tatizo lilikuwa mizigo. Wapagazi wanapatana bei, wanagoma, wanatoroka. Wazo likaja: kama ni kubeba tu, kwa nini tusitumie tembo? Tembo wanne waliofugwa wakaletwa kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, na kuanza safari ya bara chini ya Kapteni Frederick Carter.

Tembo walipasua umati kila kijiji, hakuna aliyewahi kuona tembo anapigiwa kelele akatii. Lakini wengi wao walikufa, na hao wachache hawakuondoa haja ya wapagazi hata siku moja. Tembo ana nguvu, ila hajui hongo, hajui njia na hawezi kuomba maji kwa Kigogo.

Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, wakati kijiji walichokuwemo kiliposhambuliwa na wapiganaji wa Mirambo na mshirika wake. Mpimbwe ndiyo hii ya leo, yenye halmashauri yake. Mradi wa tembo ukafa nao. Mwaka 1885 kituo cha Karema kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers, na mizigo yao ikaendelea kufika mabegani mwa watu.

NGAZI ILIPOKATWA

Ngazi ya wapagazi haikuvunjwa na madogo waliochoka kunyamaza. Ilivunjwa kutoka juu, tena mara mbili.

Mara moja ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wote walihitaji mabega. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia kutoka Kongo na kuiteka Tabora mwezi Septemba. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, kwa njaa, kuhara na uchovu zaidi ya risasi. Wengi hawakupatana chochote. Walikamatwa vijijini na kupewa mzigo. Fani iliyokuwa na kengele na manyoya ikageuzwa kuwa adhabu, na ile kura ya kushusha mzigo chini ikawa kosa la kupigwa viboko.

Mara nyingine ni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kile ambacho kirangozi alikijua kwa miaka 20 kikawa hakina soko ndani ya msimu mmoja. Treni haiulizi maji yako wapi. Mpanda ilipata tawi lake mwaka 1950, kutoka Kaliua, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Vijana wa Kikonongo ambao babu zao walikuwa wabeba pembe wakajikuta wanaanza upya kwenye ngazi nyingine kabisa.

Na ngazi hii mpya ilikuwa na kasoro moja kubwa. Enzi za ukoloni wa Mwingereza, ajira za serikali zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila kundi na mshahara wake, shule zake na hospitali zake. Hapo unaweza kufanya kazi miaka 30, ukamfundisha kazi kijana wa Kizungu aliyefika jana, na jioni yeye ndiye anayeingia klabu wanakojadili kazi uliyomfundisha. Kwenye msafara mtoto wa masufuria aliweza kuwa kirangozi. Hapa hata utembee mpaka Cairo, uko palepale.

Makarani wa Kiafrika hawakukaa kimya. Mwaka 1922, Tanga, waliunda chama chao cha watumishi wa serikali, mmoja wa waasisi akiwa Martin Kayamba. Walitaka sehemu yao ya kusoma magazeti, kujiendeleza na kuongea mambo yao. Mwaka 1929 Dar es Salaam ikazaliwa African Association, iliyokuja kuwa TAA. Kilichoanza kama baraza la wenye kalamu kikaanza kubeba maneno ya wasio na kalamu.

Serikali iliona. Agosti 1953 ikawapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Hebu pima: watu waliosoma zaidi, walioijua serikali kwa ndani, ndio walioambiwa hawana ruhusa ya kuijadili. Mwaka uliofuata, 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa. Mwalimu mmoja wa Pugu alilazimika kuchagua kati ya chaki na jukwaa, na mwaka 1955 akaacha chaki.

SASA MKONGWE ANA HAKI AU HANA?

Ukiziweka ngazi hizi zote pamoja, ya wapagazi, ya wawindaji, ya nyoka na ya wakoloni, unaona kwamba zote zilimnyamazisha mgeni. Tofauti haiko hapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwenye msitu wa Ukawendi methali hiyo haikuwa mapambo ya ukutani.

Tofauti iko kwenye mambo matatu. La kwanza, je, wa chini anaweza kupanda? Kwenye msafara aliweza, kwa miguu yake mwenyewe, mradi awe mwanamume, na hapo ndipo ngazi ile ilipokuwa na doa. La pili, je, wa juu anabeba? Wabeba pembe walibeba kuliko wote, na kirangozi akikosea njia aliaibika mbele ya kila mtu. La tatu, je, wa chini anaweza kushusha mzigo? Pale aliponyimwa hilo, mwaka 1916, hakubaki na fani, alibaki na kifo.

Mkongwe wa leo anayemwambia kijana "nyamaza, umeingia juzi" anaweza kuwa anamlinda na nyoka. Anaweza pia kuwa anaikalia dawa mpaka alipwe. Kwa nje sauti ni ileile, na kijana hawezi kujua mpaka aangalie mzigo uko bega la nani.

Kuhusu yule kiongozi wa njia aliyebishana na dira mwaka 1872, kazi iliendelea. Kesho yake ilikuwa lazima mtu ajue maji yako wapi kutoka pale kwenda Tabora, na hapo dira haikuwa na jibu. Akachukua bendera, akasimama mbele, na hakuna aliyemtangulia.